Mas'ala ya Kijana Aliyetekwa na Unga, na Hukumu ya Dawa Yake

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, mzee mmoja alinikabili baada ya sala ya Alasiri kwa suali ambalo najua limo vifuani mwa wengi. Mwanawe avuta unga, na sasa ameanza kujidunga sindano. Ameambiwa ampeleke hospitali akanyweshwe methadoni kila siku. Akasema: Sheikh, huku si kumtoa mtoto katika kilevi na kumtia katika kilevi kingine?

Uharamu wa unga hauna shaka, wala sitarefusha. Abu Daud amepokea kwa Ummu Salama kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kila chenye kulevya na kila chenye kulegeza. Na Imamu Zarkashi, katika wanavyuoni wa madhehebu yetu, alitunga risala nzima katika karne ya 8 ya Hijra juu ya uharamu wa hashishi, nayo ndiyo hii bangi. Unga asili yake ni afyuni, na nguvu zake zapita za afyuni. Basi amwambiaye kijana kuwa huu si ulevi kwa kuwa si tembo, amdanganya.

Walakini hukumu ya kitu ni jambo moja, na hukumu ya mtu aliyekwisha kutekwa nacho ni jingine. Ibn Hajar al-Haytami, mwenye Tuhfa, aliyefariki Makka mwaka 974 wa Hijra, aliulizwa juu ya watu waliozoea afyuni hata wakawa wakiikosa huangamia. Akajibu kuwa mwenye yakini ya kuangamia ni halali kwake, bali ni wajibu, kutumia kiasi cha kuokoa nafsi yake. Na ni wajibu vilevile apunguze kidogo kidogo mpaka mwili usiihitaji tena. Asipopunguza, ana dhambi.

Huenda mtu akasema: arosto ya unga haiui, mfungieni chumbani hata imtoke. Mimi nami nilisema hivyo. Nilimwambia baba wa mwanafunzi wangu amfungie, akamfungia wiki mbili. Kijana akatoka amenawiri, tukafurahi, tukamsomea dua. Siku ya nne akarudia kipimo chake cha zamani, akafa. Sikujua wakati ule kuwa mwili ukiacha unga husahau kuuhimili, na kipimo alichokizoea jana humkata pumzi leo. Kwa hiyo arosto yenyewe ni nadra kuua. Kiuacho huja baada yake.

Methadoni hunywewa kwa kipimo cha daktari, mbele ya muuguzi, na nguvu yake hudumu mchana na usiku. Haimlevyi aliyezoea unga akipewa kwa kipimo chake. Humwondolea arosto, akaweza kufanya kazi na kuiacha sindano iletayo ukimwi na ugonjwa wa ini. Ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na Malindi mwaka 2015. Lakini asiyezoea akiinywa yaweza kumuua, basi asigawiwe mtu wala isiuzwe. Kwangu mimi hii ni ile ile njia ya Ibn Hajar, isipokuwa kipimo kimo mkononi mwa tabibu, si mkononi mwa mgonjwa.

Na sisi walimu wa vyuo tuna deni. Twawaambia watoto "haramu" tukanyamaza, wala hatuwaambii huja vipi. Huja kwa rafiki, barazani, bila ya malipo, katika msokoto wa bangi ulionyunyizwa unga, waitao kokteli. Mtoto adhani avuta bangi tu. Baba naye ajue alama: mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, kujikuna, na kusinzia ameketi. Ukimkuta hazinduki na pumzi zake ni chache, mlaze ubavu, umkimbize hospitali, wala usimfiche kwa kuchelea majirani.

Yule mzee aliniuliza tena: Je, asali jamaa? Nikamjibu: Ndiyo, akili yake ikiwa timamu, na methadoni haitengui udhu. Na Ramadhani? Kuinywa mchana kwabatilisha saumu. Aombe apewe usiku. Isipowezekana, huyo ni mgonjwa, atakula na atalipa apatapo nafuu. Wallahu aalam.