Nyama na Maharagi

Ndugu zangu wa Kabongo, leo tujifunze habari ya chakula. Wengi wanaorudi kutoka kazi ya migodi husema: nyama ni chakula cha mtu mwenye cheo, maharagi na sombe ni chakula cha maskini. Basi mtu anauza maharagi yake yote, ananunua nyama. Siku mbili nyama imekwisha, na watoto wanabaki na bukari ya muhogo tu. Hiyo ni hasara kubwa. Tuvipime vyakula hivi.

1. Kujenga mwili. Maharagi makavu gramu 100 yana gramu 20 na zaidi za chakula cha kujenga mwili. Nyama mbichi ya ng'ombe ina karibu kiasi hicho. Karanga pia hazishindwi. Lakini unga wa muhogo hauna hata gramu 3. Mtoto aliyeachishwa ziwa, akila bukari ya muhogo peke yake, aweza kuvimba miguu, nywele kugeuka rangi, hata kufa.

2. Nyuzi. Hizi ni sehemu za mimea ambazo tumbo haliyeyushi. Msidhani hazina faida: hushika maji na kulainisha choo. Maharagi makavu gramu 100 yana nyuzi gramu 15 hivi. Nyama haina hata kidogo. Daktari Denis Burkitt alifika Uganda mwaka 1946. Baadaye aliwafundisha watu wa Ulaya kwamba magonjwa mengi ya matumbo yaliyowasumbua wao yalikuwa machache kwa wanakijiji wa Afrika, waliokula nyuzi nyingi.

3. Faida ya nyama. Nyama, samaki na mayai vina vitamini B12, ya damu na mishipa ya fahamu, maharagi hayana. Tena madini ya chuma ya nyama huingia mwilini upesi. Kwa hiyo msiziache, lakini kidogo chatosha.

Fanyeni hivi:
Kabla ya kuuza maharagi, wekeni kwanza ya mbegu na ya watoto.
Yaloweshwe usiku, yachemshwe mpaka yalainike.
Sombe itwangwe vizuri na kuchemshwa sana, maana mbichi ina sumu. Tieni karanga zilizotwangwa.
Nyama au samaki wakipatikana, baba asile peke yake. Mtoto na mama mwenye mimba wapate kwanza.

Jioni hii tazama sahani ya mtoto wako. Kando ya bukari mna nini?