Shamba la Anathothi

Masomo: Yeremia 32:1–15, Yohana 14:25–27



Sisi wa Kibiti na delta ya Rufiji tunazijua taabu za aina mbili: ile iletwayo na maji, na ile iletwayo na mkono wa mtu. Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja. Jirani akamwogopa jirani. Kisha Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika, ukafunika nyumba na mashamba. Mtu akituuliza, “Amani yenu iko wapi?” tumjibu nini?

Kwanza, tuangalie amani ilitolewa lini. Bwana Yesu aliwaachia wanafunzi amani yake usiku ule ule aliosalitiwa. Basi amani hiyo si kukosa hatari; ni kukaa na Baba hata hatari ikiwapo. Kwa hiyo mwenye hofu asione haya kuomba.

Pili, tuangalie tumaini linavyotenda. Yeremia alikuwa kifungoni, na jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu. Hanameli akaja kumwuzia shamba la Anathothi. Nani hununua shamba wakati kama huo? Lakini Yeremia alipima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, na Baruku akaitia hati katika chombo cha udongo ipate kudumu. Yeremia hakusema kwamba mji hautaanguka. Nao ulianguka kweli. Aliamini kwamba Mungu atawarudisha watu mashambani mwao, akalipa kabla ya kuona.

Wakulima wetu watalielewa jambo hili upesi. Maji yakipungua, hupanda mahindi ya mlau katika udongo ule ule uliofunikwa na mafuriko.

Tatu, tumaini letu si la kanisani tu. Katika sura ya 29 Yeremia aliwaandikia mateka wautakie heri mji waliomo na kuuombea. Sisi Wakristo tu wachache kati ya jirani zetu Waislamu, na mafuriko hayakuchagua nyumba. Basi aliyepoteza mbegu na agawiwe mbegu. Mjane wa aliyeuawa asiachwe matanga yakiisha. Na uvumi juu ya jirani, usio na ushahidi, uishie masikioni mwetu.

Maswali ya kuzungumza

1. Hofu imetufanya tuache jambo gani jema?
2. Ni nani katika mtaa wetu angali akilia kwa msiba ambao wengine wamekwisha kuusahau?
3. “Shamba la Anathothi” letu mwezi huu ni lipi?

Tuombe

Ee Bwana, uliyewapa wanafunzi wako amani katika usiku wa hatari, utupe sisi nasi amani hiyo. Uwafariji waliofiwa, uwalinde wakaao kando ya mto, utuwezeshe kupanda kwa tumaini na kukaa na jirani zetu kwa upendo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.