Somo kwa Watumishi: Kuhifadhi Tarehe ya Faili Linapopakuliwa

Kila karani wa masjala hutofautisha tarehe mbili za barua: ile iliyoandikwa na mwenye barua, na ile ya mhuri wa kupokelewa. Faili la kompyuta nalo, mbali na maandishi yaliyomo, lina taarifa zake: jina, ukubwa, ruhusa za matumizi na tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Taarifa hizo huitwa metadata.

Mafaili mengi yanapopakuliwa kwa skripti, yaani mfululizo wa amri unaotekelezwa na kompyuta yenyewe, tarehe ya asili huweza kupotea na mahali pake pakaandikwa tarehe ya siku ya kupakua. Ichukuliwe kwa mfano orodha ya wenye viwanja iliyoandikwa mwaka 2011 na nyingine iliyoisahihisha mwaka 2016. Zikipakuliwa kwa namna hiyo, zote zitaonekana za siku moja. Afisa akishika isiyokuwa sahihi, mkaazi aliyeongezwa baadaye huweza kukosa haki yake.

Kwa kawaida seva hutaja tarehe ya asili katika mstari wa majibu yake uitwao Last-Modified. Programu ya wget huifuata bila ya kuamrishwa. Curl huhitaji alama -R. Katika kunakili kati ya kompyuta za ofisi, scp huhitaji alama -p, na rsync alama -a, ambayo huhifadhi pia ruhusa. Anayeandika skripti ya Python hana budi kuisoma tarehe hiyo na kuliwekea faili kwa amri ya os.utime.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, baadhi ya seva hazitaji tarehe hiyo. Pili, saa inayotajwa ni ya GMT, iliyo nyuma ya saa za Zanzibar kwa saa 3. Hivyo faili la usiku huweza kuonekana la siku iliyotangulia. Tatu, tarehe ya faili hubadilishwa kwa urahisi, wala haitoshi kuwa ushahidi.

Kwa hiyo, watumishi wanaohusika wanashauriwa kuweka daftari lenye anwani ya kila faili, tarehe iliyotajwa na seva, tarehe ya kupakuliwa, na namba ya uhakiki itolewayo na programu ya sha256sum. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, namba hiyo nayo hubadilika.