Kinundu Kisichouma: Saratani Inapofika Kwenye Ngozi

Maswali na majibu kwa wasomaji wetu wa Nyundo na Gisenyi, Rwanda

Swali: Daktari, saratani ya ndani inafikaje kwenye ngozi?

Jibu: Seli zake husafiri kwa damu au mishipa ya limfu, zikaota chini ya ngozi. Kwa wanawake, mara nyingi chanzo ni titi. Vinundu hutokea kifuani, hata pembeni ya kovu la upasuaji wa zamani. Kwa wanaume, mapafu ni kati ya vyanzo vikuu.

Swali: Nitakitambuaje kinundu cha aina hiyo?

Jibu: Tumia vidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, lakini ugumu haujifichi. Kinundu hiki ni kigumu, kwa kawaida hakiumi, na hukua ndani ya wiki chache. Papasa kitovu pia: kinundu kigumu hapo huweza kutoka kwenye tumbo, kongosho au ovari.

Swali: Huenda ni jipu tu, au saratani ya Kaposi?

Jibu: Jipu huuma, hupata joto, huiva. Kaposi huleta madoa ya zambarau, hasa miguuni, na tiba yake ni nyingine kabisa. Hata daktari mzoefu hawezi kuamua kwa macho. Lazima kipande kipimwe.

Swali: Kipande kinachukuliwaje?

Jibu: Unachomwa ganzi, kisha kinakatwa kipande cha upana wa milimita 4 hivi, kufika mafuta ya chini, maana seli hizi hukaa ndani. Kiingie papo hapo kwenye fomalini, ujazo wake mara 10 ya kipande. Fomu iseme wazi kama mgonjwa aliwahi kutibiwa saratani. Maabara hutumia rangi maalumu: vipokezi vya estrojeni vikionekana, titi hushukiwa, protini ya TTF-1 huelekeza kwenye mapafu.

Swali: Nianzie wapi?

Jibu: Kituo cha afya, ukiwa na kadi ya bima ya afya ya Mutuelle. Omba rufaa kwenda Hospitali ya Gisenyi. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kupelekwa hospitali ya chuo kikuu ya CHUK, Kigali, au kituo cha saratani cha Butaro, Burera, kilichofunguliwa 2012.

Swali: Ikiwa saratani imeshasambaa, kipimo kina faida gani?

Jibu: Kubwa. Saratani ya titi yenye vipokezi vya homoni huweza kuzuiwa kwa muda kwa vidonge kama tamoksifeni. Bila kipimo, hatujui nani vitamfaa. Kwa hiyo, ukikatwa kinundu chochote, usikubali kitupwe: uliza kinapelekwa maabara gani, na majibu ni lini.