Intaneti ya Mkongo Nyumbani: Kasi Hupotelea Wapi?

Kasi ya intaneti huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali mafaili ya simu na kompyuta hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kifurushi cha megabiti 20 hupakua faili la megabaiti 100 kwa sekunde 40 hivi, wala si sekunde 5. Wengi hudhani wamepunjwa, kumbe vipimo ndivyo vinavyotofautiana.

Upungufu wa kweli nao hutokea, na hutafutwa hatua kwa hatua. Data kutoka ng'ambo hufika Dar es Salaam kwa mikongo ya baharini, kisha husafiri kuelekea mikoani ikiwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Mtaani, uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Ndiyo maana jioni, majirani wote wanapotazama video, kasi yaweza kushuka.

Uzi huo hukomea kwenye kisanduku kilichofungwa ukutani. Kutoka hapo hadi kwenye simu ni mawimbi ya redio, yaani Wi-Fi, na hapa ndipo kasi nyingi hupotelea. Ukuta wa tofali, bati, kioo kikubwa cha kujitazamia na hata tangi la maji hudhoofisha mawimbi. Masafa ya gigahezi 5 ni ya kasi zaidi lakini hayafiki mbali. Yale ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi.

Kabla ya kulipia kifurushi kikubwa, kompyuta iunganishwe kwa waya moja kwa moja kwenye ruta na kasi ipimwe asubuhi na usiku. Ikilingana na mkataba, fedha ya nyongeza itapotea bure. Ruta ndiyo ihamishwe. Ikiwa pungufu nyakati zote, tarehe na saa ziandikwe na kukabidhiwa mtoa huduma. Asiposhughulikia, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Siku ya kuunganishwa, mwenye nyumba awepo. Fundi asiyeelekezwa hutoboa ukuta ulio karibu na nguzo, na kisanduku huishia pembeni mwa sebule, nyuma ya televisheni. Katikati ya nyumba, juu kidogo, karibu na soketi, ndipo mahali pafaapo. Uzi usikunjwe kona kali wala kubanwa na mlango, kwani mwanga huvuja. Umeme ukikatika, kisanduku na ruta huzimika hata kama mkongo ni mzima, isipokuwa vyote viwili vimewekewa betri ya akiba.