Hesabu na Kemia Kwenye Kiti cha Kinyozi

Anayejiunga na chuo cha ufundi cha kaunti kusomea unyozi akidhani amekimbia desimali, huzikuta kwenye beseni. Jiki ya asilimia 3.5 inatakiwa ishuke hadi asilimia 0.5. Gawanya 3.5 kwa 0.5, upate 7: kikombe 1 cha jiki, vikombe 6 vya maji. Maji yakizidi, mteja anayefuata anaweza kuondoka na choa, au homa ya ini aina ya B iwapo kulikuwa na damu.

Meno ya mashine hufunguliwa na kusafishwa kwanza, kwa kuwa uchafu hudhoofisha klorini. Huloweshwa dakika 10, kisha husuuzwa na kukaushwa upesi; klorini hula chuma. Mchanganyiko wa jana humwagwa. Wembe hautumiwi mara mbili.