Mantiki kwa Mwanafunzi wa Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Kila Muhula

Nimekuja kusoma kompyuta. Mantiki ya nini?

Kompyuta yenyewe ilitoka humo. Mwaka 1854 George Boole, Mwingereza aliyekuwa akifundisha hisabati mjini Cork, Ireland, alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa kauli za kweli na za uongo zinaweza kukokotolewa kama namba. Ilipita zaidi ya miaka 80 wahandisi wasijue hesabu hiyo waifanyie nini. Mwaka 1937 Claude Shannon, mwanafunzi wa uzamili katika chuo cha MIT, Marekani, alionyesha kwamba swichi za umeme hufuata hesabu hiyo hiyo. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, umeme hupita zote mbili zikiwashwa tu. Zikiwa sambamba, hata moja inatosha. Ya kwanza ni "na", ya pili ni "au". Saketi za simu iliyo mfukoni mwako zimejengwa juu ya wazo hilo.

Lakini historia peke yake haimkalishi mtu darasani muhula mzima. Sababu ya msingi ni kwamba anayeandika programu anatoa ahadi: mfumo huu hautamlipa mteja mmoja mara mbili. Kuujaribu mara elfu ukafanya vizuri bado si kujua kwamba hautakosea. Mwaka 1994 iligundulika kuwa chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel hukosea baadhi ya mahesabu ya kugawanya, kwa kuwa nafasi chache katika jedwali lililomo ndani yake hazikujazwa sawasawa. Majaribio ya kampuni hayakuwa yamezuia chipu hizo kufika sokoni. Aliyelitangaza kosa hilo ni profesa wa hisabati, Thomas Nicely, aliyekuwa akishughulika na namba tasa. Intel ilitenga dola milioni 475 kufidia hasara, na baada ya hapo ikatilia mkazo zaidi kuthibitisha chipu zake kwa mantiki.

Mtu mwenye akili timamu si anajua mantiki tayari?

Hapana, na hili limepimwa. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alieleza jaribio la kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Zinazoonekana ni E, K, 4 na 7. Sharti: kadi yenye irabu upande mmoja, lazima iwe na namba shufwa upande wa pili. Ugeuze kadi zipi kuhakikisha sharti halijavunjwa? Wengi hutaja E na 4. Jibu ni E na 7, kwa maana 4 haiwezi kuvunja sharti hata ikiwa na herufi yoyote nyuma yake. Katika majaribio ya mwanzo, waliopatia hawakufika hata mmoja kati ya kumi.

Kinachomhusu mwalimu ni kilichogunduliwa baadaye: sharti hilo hilo likivikwa maisha ya kawaida, kwa mfano anayekunywa bia lazima awe ametimiza umri, wengi hupatia. Kwa hiyo kozi inayoanza na p na q kwenye ubao siku ya kwanza inajitafutia shida. Anza na tangazo la chuo: "Asiyelipa ada hataingia kwenye mtihani." Uliza darasa: Je, aliyelipa ataingia? Nusu watasema ndiyo. Tangazo halijasema hivyo. Anaweza kulipa na bado akazuiwa kwa sababu ya koswek. Wakishabishana vya kutosha, hapo ndipo alama zinapoletwa, nao watazipokea kama msaada.

Ni mada gani hasa zinafundishwa?

Kwa kawaida ni kauli na viunganishi vyake, kisha uthibitisho, kisha "kila" na "kuna". Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaumiza wengi, na ndiyo yenye faida kubwa zaidi kazini. "Wanafunzi wote hawajalipa": ni kwamba hakuna hata mmoja aliyelipa, au kwamba si wote waliolipa? Mhasibu akisema hivyo utamuuliza. Programu haiulizi, itafanya ulichoandika.

Hifadhidata ndizo uwanja mzuri wa kuonyesha hili. Omba orodha ya waliopata alama 40 au zaidi, kisha ya waliopata chini ya 40, uziunganishe. Utadhani umepata darasa zima. Kumbe wale ambao alama zao hazijaingizwa hawamo kwenye orodha yoyote, kwa sababu lugha ya SQL haina kweli na uongo tu. Ina hali ya tatu, "haijulikani". Mfano huu mmoja humwamsha hata yule wa viti vya nyuma.

Jedwali la ukweli halitoshi?

Jedwali hilo, linaloorodhesha kila mchanganyiko wa kweli na uongo, linatosha kwa kauli tatu au nne, na kwa maoni yangu kozi nyingi hulikalia mno. Kila kauli mpya huongeza idadi ya mistari maradufu: kauli 20 ni mistari 1,048,576. Chukua ratiba ya mitihani yenye kozi 40 na nafasi 20. Kila jozi ni kauli: "kozi hii itafanyiwa mtihani Jumatatu asubuhi." Hizo ni kauli 800, na idadi ya mistari ya jedwali lake ni namba yenye tarakimu 241. Hakuna kompyuta itakayoimaliza.

Hata hivyo kuna programu za kutatua masharti ya namna hii, kama MiniSat na Z3, zinazopatikana bure na kufanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Mwanafunzi anaandika masharti: kila kozi ipate nafasi, isipate mbili, kozi zenye wanafunzi wa pamoja zisigongane. Mara nyingi jibu huja kwa muda mfupi, au huambiwa kwamba ratiba kama hiyo haiwezekani kabisa. Ningeiweka kazi hii mapema, wiki ya nne au ya tano, kabla watu hawajakata tamaa.

Mbona wengi hupata sapu?

Kwa sababu husoma pasti pepa. Uthibitisho haukaririki, ukibadilishwa kidogo, aliyekariri hana pa kuanzia. Dawa ninayoiamini ni zoezi fupi la kuandika kwa mkono kila wiki, lirudishwe kabla ya lijalo, likiwa limeonyeshwa mstari ule hasa ambako hoja ilikatika. Na nusu ya maswali yawe ya kauli zisizo kweli, ili mwanafunzi azoee kutafuta mfano mmoja wa kuziangusha. Hili ni gumu kwenye darasa la watu mia tatu na wasaidizi wawili. Chuo kinachotaka kozi hii ifanye kazi kiajiri wasahihishaji kabla ya kununua projekta.

Akili mnemba si itatuandikia uthibitisho?

Itauandika, na utasomeka vizuri, hata pale ambapo hatua ya tatu haifuati kutoka ya pili. Ndiyo maana baadhi ya walimu sasa wanatumia Lean, programu inayokagua uthibitisho hatua kwa hatua na kukataa kila hatua isiyo na msingi, bila kujali imeandikwa na nani. Inapatikana bure pia.

Lazima niwe nimesoma hisabati hadi kidato cha sita?

Kwa kozi yenyewe, hapana. Hakuna kalkulasi humo. Anayeweza kusoma sentensi ya masharti polepole, akairudia, akauliza inakataza nini hasa, ana vya kutosha kuanzia.